Safari ya Kufuata Vioo: Kutoka Tabora hadi Ujiji

Nimezaliwa Unguja, Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo juu ya mlango wa ukumbi wake palikuwa na nusu duara ya vioo vya rangi; na utotoni mwangu, kila alasiri jua lilipoelekea magharibi, ukuta wa chokaa uliokabili mlango ule ulikuwa ukitapakaa buluu, nyekundu na manjano, nasi watoto tukishindana kuweka viganja vyetu mahali rangi zilipoangukia, kila mmoja akidai kwamba nyekundu ni yake. Tangu siku zile sijaweza kupita mbele ya kioo cha rangi bila ya kusimama. Na nilipokuwa mtu mzima nikashika ufundi wa madirisha, kisha nikajaaliwa kufundishwa elimu ya kutunza vioo vya kale, nilitambua kwamba ukuta ule wa nyumbani ndio uliokuwa chuo changu cha kwanza.

Kanisa la Kristo pale Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa lililokuwa mahali hapo, lina madirisha ya rangi, na lina pia msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa msafiri Livingstone, huko Chitambo, bara. Siku moja, nikiwa nimesimama baina ya msalaba na dirisha, lilinijia wazo ambalo halikuniacha tena: mti huu ulitoka bara ukaja pwani, je, kioo nacho hakikutoka pwani kikaenda bara? Naam, kilikwenda, tena kabla ya kanisa lolote kujengwa huko, kikichukuliwa mabegani mwa wapagazi katika umbo la ushanga. Nikaazimia kuifuata njia ile ya misafara katika sehemu yake ya magharibi, nione kwa macho yangu kioo kimeishije katika nchi ile, na ni nani aliyekitunza. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyaona.

Siku ya kwanza: Tabora

Mji wa Tabora humpokea mgeni kwa miembe. Wenyeji husema kwamba miembe hii ni urathi wa misafara, kwa kuwa watu wa pwani walikula maembe na kuacha kokwa kila walipotua; na mtu akiifuata kwa macho safu ya miti ile mikongwe, yenye mashina ambayo watu wawili hawawezi kuyakumbatia, huwa kama anayesoma mstari ulioandikwa juu ya ardhi. Nilifika mwezi wa Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi limekalia kila kitu na watu hutazama mbinguni kuliko wanavyotazamana. Walakini ndio wakati ambao misitu ya miyombo hudhihirisha ajabu yake, kwani kabla ya tone la kwanza la mvua majani machanga huchipua yakiwa mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya hina, na jua likiyapenya, mtu aliyeketi chini yake huona mikono yake mwenyewe imebadilika rangi. Nilikaa chini ya mti mmoja wa namna hiyo nikaukumbuka ukuta wa nyumbani.

Wazungu wa kwanza kufika hapa, Burton na Speke, walipaita Kaze walipoingia mwezi wa Novemba 1857 na kuwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga maskani zao. Katika nchi hii ya Unyanyembe ndipo njia ilipopasuka, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Na yote yaliyopita katika njia hizo, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, yalipita juu ya bega la mwanadamu, aghalabu bega la Mnyamwezi, aliyechukua mzigo wa ratili 60 au 70 akatembea nao miezi.

Miongoni mwa mizigo hiyo hapakuwa na uliosumbua akili za wafanya biashara kama ushanga. Ulikuwa ndio fedha ya njia, walakini kila nchi ilikuwa na sarafu yake: msafiri Stanley aliandika kwamba ushanga mweusi uliokubaliwa Ugogo haukuwa na thamani yoyote kwingineko, na mweupe uliopendwa Ufipa ulidharauliwa Uzigua, naye Burton alihesabu aina zipatazo 400. Ulipimwa kwa kete, yaani nyuzi za shanga, na kete kumi zikafanya fundo moja. Uliotukuka kuliko yote ulikuwa mwekundu, uitwao samesame, ambao watu waliupa lakabu ya kimarapamba, yaani kimaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa radhi kukitoa chakula chake ili aupate. Tena waliuita kifungamji, kwa jinsi ulivyoweza kufilisi nyumba nzima. Wala haijuzu kuusifu uzuri wake bila ya kutaja kwamba ushanga huohuo ulinunua pembe za ndovu, na ulinunua watu.

Jioni bibi mwenyeji wangu aliniandalia ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa kwa karanga, na kando yake bakuli la asali ya miyombo, nyeusi na nzito, yenye ladha ya moshi wa mbali. Nilipoisifu mboga kwa ulaini wake aliniita jikoni, akanionyesha chungu kilichotobolewa matundu chini, kimejazwa majivu ya maganda ya maharage. Juu alikuwa amemimina maji, nayo yalikuwa yakidondoka chini taratibu, yakiwa na rangi ya chai.

“Haya ndiyo magadi yetu, mwanangu,” akasema. “Hulainisha kila kigumu.”

Kwa maneno yale machache alikuwa amenieleza siri ya kioo. Kwani kioo ni mchanga, na mchanga peke yake hauyeyuki mpaka moto ufikie nyuzi zipatazo 1,700, moto ambao tanuri za kale hazikuweza kuuwasha. Lakini ukichanganywa na majivu, mchanga hulainika na kutii kwa moto mdogo zaidi. Mafundi wa Ulaya ya kaskazini, waliotengeneza madirisha ya makanisa makubwa katika karne za kati, walitumia majivu ya miti ya msituni, yenye potasi nyingi. Na wale wa Murano, karibu na Venice, ambako ushanga mwingi wa misafara ulitoka, walitumia majivu ya mimea ya pwani za Sham na Misri, yenye soda. Tofauti hiyo ndogo ya majivu ndiyo iliyoamua umri wa kazi zao. Kioo cha potasi ni dhaifu mbele ya unyevu: umande huingia ndani yake na kuichukua potasi kidogo kidogo, kama maji yale yalivyokuwa yakiyavuja majivu ya bibi, hata uso wa kioo ukabaki umechimbika na kufunikwa na ukoko mweupe. Nilisimama pale jikoni nikiyasikiliza matone, nikafikiri kwamba katika madirisha ya Ulaya tone kama hilo limekuwa likidondoka kwa miaka mia nane.

Siku ya pili: Kwihara

Kwihara ni mwendo wa asubuhi kutoka mjini, penye tembe la udongo lenye kipaa cha bapa, lililojengwa upya likafanywa makumbusho mwaka 1957. Hapa ndipo Stanley na Livingstone walipofika Februari 1872, na hapa Livingstone alibaki akingojea wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti, alipoondoka kuelekea kusini. Hakurudi akiwa hai. Ila mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliingia Unyanyembe wakiwa wameubeba mwili wake uliokaushwa, wakaupeleka hadi pwani. Ndani ya tembe kuna ubaridi na kimya. Kiwambaza hunusa udongo uliomwagiwa maji, na mwangaza huingia kwa mlango tu, ukaishia hatua tatu ndani.

Mbele ya nakala za barua na ramani zilizohifadhiwa pale nilikumbuka jambo lililotendeka juu ya daftari la msafiri huyu, nalo linastahili kusimuliwa. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kwenye mto Lualaba, Livingstone aliishiwa na karatasi na wino, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu, akiyakata maandishi ya chapa kwa maandishi yake, kwa rangi iliyotokana na mbegu za mmea. Rangi ile ilififia hata hapakuwa na awezaye kuisoma. Hatimaye, mwaka 2011, wataalamu waliziangazia kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, hata nyingine ambazo jicho la mwanadamu halizioni, wakapiga picha kila mara. Na kompyuta ikatenga mwandiko na chapa. Habari ya mauaji ya watu sokoni Nyangwe ikasomeka kama alivyoiandika siku zile. Hapana kilichokwanguliwa wala kuoshwa. Karatasi iliulizwa kwa nuru, nayo ikajibu.

Elimu ya kuchunguza vioo hufuata adabu hiyohiyo. Kuna kifaa kinachoshikwa mkononi ambacho hupeleka eksirei juu ya kioo, na kila madini yaliyomo hujibu kwa mwali wake: kobalti iliyotia buluu, manganizi iliyotia zambarau, shaba, chuma, risasi. Kwa kifaa cha namna hiyo wachunguzi waliyasoma madirisha ya Canterbury, Uingereza, bila ya kuyatoa mahali pake, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba baadhi ya sura za wazee wa ukoo wa Kristo huenda zilitengenezwa kabla ya moto wa mwaka 1174 uliolichoma kanisa lile. Na kwetu, shanga zilizofukuliwa Unguja Ukuu zilichunguzwa kwa mwali wa leza, ambao huchota chembe ndogo hata jicho halioni palipochotwa, na ikadhihirika kwamba nyingi kati yake asili yake ni kioo cha Asia ya Kusini. Punje moja ya ushanga, yenye tundu na rangi, imechukua ndani yake tarihi ya bahari nzima. Sharti lake ni moja tu, kwamba aulizaye asiwe na pupa.

Siku ya tatu na ya nne: Kanisa la njiani

Kutoka Tabora kuelekea Urambo nchi hunyooka, na msitu wa miyombo hupishana na mashamba ya tumbaku yenye mabani yake marefu ya matofali. Hii ilikuwa milki ya Mtemi Mirambo, aliyepigana na wafanya biashara wa Unyanyembe ili aishike njia hii, akafa Desemba 1884, lakini jina lake halikufa. Katika kijiji kimoja cha njiani pana kanisa la misheni la kale, ambalo sitalitaja jina, kwa sababu kosa nitakalolisimulia lilitendwa kwa mapenzi, na atendaye kosa kwa mapenzi hastahili kuanikwa.

Mlinzi wake, sakristani mwenye umri uliopita miaka themanini, alikuwa ameketi barazani akisokota kamba. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitika, “Marahaba, mwanangu,” kisha akanisalimu tena kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka,” akiushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia mpaka alipokwisha kuniuliza habari za nyumbani, za bahari na za mvua. Nilimwambia kwamba mimi ni Mwislamu wa pwani niliyekuja kuliona dirisha. Akacheka kwa furaha, akasema kwamba jua halina dini, na kwamba nimefika saa yake.

Dirisha lilikuwa nyuma ya altare, limeelekea mashariki, kimo chake kimo cha mtu, nalo limeundwa kwa vipande 31 vilivyoshikanishwa kwa mikanda ya risasi. Katikati alisimama Mtakatifu Yosefu ameshika ua la yungiyungi, na pembeni mwake zilipangwa almasi za buluu, kijani na nyekundu. Lilikuja, mzee akasema, kwa gari la moshi, katika sanduku lililojaa majani makavu, babu yake akiwa miongoni mwa waliolichukua kutoka stesheni. Niliposimama mbele yake nuru ya asubuhi ilikuwa imejaa ndani ya ile buluu, na sakafu ya saruji iliyopasuka ilikuwa imetandikwa kitu ambacho mkeka wowote wa mfalme usingekifikia.

Kisha macho yalizoea, nami nikaanza kuyaona majeraha. Mchwa walikuwa wameila fremu kwa upande wa chini. Joto la mchana na baridi ya usiku, kwa miaka mingi, vilikuwa vimeilegeza risasi hata dirisha likatunisha tumbo. Mavi ya popo yalikuwa yamekauka kuwa michirizi juu ya vipande vya juu. Mahali pawili palizibwa kwa bati, na mahali pamoja kwa saruji. Haya yote nimeyaona kwingineko. Lililonifanya nishike ukingo wa altare lilikuwa ni uso: jicho moja la Mtakatifu lilikuwapo, jingine halikuwapo, shavu na nusu ya ndevu vilikuwa vimekuwa kioo kitupu, cheupe kama maji, ilhali duara la manjano kuzunguka kichwa chake liliwaka kama lilivyochomwa siku ya kwanza.

“Mzee wangu,” nikamuuliza, “hapa palisafishwa kwa nini?”

“Kwa majivu na kitambaa,” akajibu, “kila Jumamosi, miaka arobaini. Palikuwa na weusi usoni ambao haukupendeza, nikawa nikiutoa kidogo kidogo.”

Ikanibidi nimweleze. Fundi wa madirisha hupaka sura kwa unga wa kioo uliosagwa pamoja na chuma au shaba, kisha huchoma kipande tanurini ili rangi ishikamane na kioo. Na moto ule ukiwa haukutosha, rangi hukaa juu kama vumbi lililokauka, ikingojea wa kuifuta. Manjano ni jambo jingine, kwani hutokana na fedha, na fedha hupenya ndani ya kioo chenyewe, ndiyo maana duara lile halikuondoka ijapokuwa nalo lilisuguliwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kitambo kirefu, mkono wake ukiwa umekaa juu ya kitambaa kilichoning'inia msumarini.

“Basi ule weusi,” akasema, “ndio uliokuwa uso.”

Sikuwa na neno la kumpa. Tulikaa pamoja mpaka nuru ikapanda juu ya dirisha na sakafu ikarudia rangi yake ya saruji. Ndipo aliponiomba nimrudishie Mtakatifu jicho lake, kwa kuwa aliuona mkono wangu ni wa fundi; nami nikamwambia, kwa heshima yote, kwamba sitapaka kitu juu ya kioo kile, kwa sababu kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkono wa leo usifanye jambo ambalo mkono wa kesho hautaweza kulifumua. Panaweza kuwekwa kioo chembamba nyuma yake, chenye mistari ya uso, ambacho mjuzi atakayetuzidi ataweza kukiondoa siku yoyote. Lakini hilo nalo halifai kutendwa kabla ya kulisoma dirisha lote, kipande baada ya kipande, na kuliandika.

Kwa hiyo tuliliandika. Kamati ya kanisa, iliyokuwa imekusudia kuliosha kwa sabuni kali kabla ya sikukuu ya msimamizi wao, ilitusikiliza, ikaahirisha. Siku mbili tulizipitisha juu ya jukwaa la miti, mimi na mzee na vijana wawili wa kwaya: tulipiga picha, tukaondoa vumbi kwa brashi laini kwa upande usio na rangi, tukafuta michirizi kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyotoneshwa, bila ya kuugusa uso, kisha tukatandika karatasi juu ya dirisha na kupiga chapa ya mikanda ya risasi kwa penseli, kila kipande kikapewa namba, rangi na hali yake. Tulikubaliana kwamba fremu mpya iwe ya mninga, ambao mchwa hushindwa nao, na kwamba nje pawekwe kioo cha kawaida cha kukinga mvua, kikiacha nafasi ya hewa kupita, na wavu wa kuwazuia popo.

Siku ya pili ya kazi yetu, juu ya kizingiti, niliokota kigae chekundu cha ukubwa wa ukucha, kilichodondoka zamani. Nilikigeuza ubavu, nikampa mzee akitazame juani. Nyekundu haikuwa ndani yake: kioo chenyewe kilikuwa cheupe, na juu yake imelala ngozi nyekundu, nyembamba kuliko karatasi. Mafundi hufanya hivyo kwa sababu nyekundu ya shaba ni nzito mno, na kipande kizima kingekuwa cheusi kisichopitisha nuru. Kwa hiyo huivika nyekundu juu ya nyeupe.

Mzee alikiinua, akakishusha, akakiinua tena. “Hii ni samesame,” akasema.

Nilidhani sikusikia vyema. Akanieleza kwamba nyanya yake alikuwa na kete moja ya ushanga wa babu zake, mwekundu. Na yeye alipokuwa mtoto aliuvunja mmoja kwa jiwe ili aone nyekundu inatoka wapi, akakuta moyo wake ni mweupe, akachapwa. Alikuwa akiyasema haya huku akikishika kile kigae kwa ncha za vidole, kama ashikavyo mtu yai la njiwa. Na tulipofika kwenye namba 17 katika karatasi yetu, mahali palipozibwa kwa bati, ambapo hapakuwa na mtu mwingine aliyekumbuka rangi yake, mzee aliichukua penseli mkononi mwangu, akaandika mwenyewe neno moja.

Siku ya tano: Malagarasi na Uvinza

Mto Malagarasi ndio uliokuwa kizuizi kikubwa cha njia ya Ujiji. Huja polepole kutoka katika vinamasi vyake vyenye mafunjo, umejaa rangi ya anga, na hapa wakuu wa Uvinza walitoza hongo, yaani ushuru wa kuvuka, kwa kila msafara, kwa nguo na kwa ushanga, kabla ya mitumbwi kuvusha mtu. Leo msafiri huvuka darajani, asijue kwamba amepita bure mahali ambapo wengine walikesha wakibishana juu ya kete.

Uvinza kuna chemchemi za chumvi, nazo zimechemshwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kama walivyothibitisha wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi hapa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilionja maji yake kwa ncha ya kidole, nikamfikiri bibi wa Tabora na chungu chake. Katika njia hii watu walijua tangu kale kutoa kitu safi ndani ya kitu kichafu, kwa maji, kwa moto na kwa subira. Wala sioni kwamba elimu ya maabara ni ngeni kwao, ila vyombo vyake.

Siku ya sita: Ujiji

Nilishuka Ujiji jioni, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku uliotangulia. Ziwa lilikuwa kimya na rangi ya risasi mpya, milima ya Kongo imesimama ng'ambo kama ukuta wa nyumba ya jirani, na barazani watu walikuwa wakila migebuka iliyokaangwa kwa mawese pamoja na ugali wa muhogo, chakula ambacho mtu wa Unguja hukila akaona haya kuomba tena, kisha akaomba.

Msafiri Cameron, aliyefika hapa Februari 1874, alilikuta soko lenye utaratibu uliomstaajabisha. Fedha ya soko ilikuwa ushanga uitwao sofi, wenye umbo la vipande vya shina la kiko. Na asubuhi soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliowabadilishia wanunuzi shanga za aina nyingine, na soko lilipofungwa watu walewale walizipokea tena kwa wauzaji. Kwa hiyo katika mji huu wa pwani ya ziwa palikuwa na wabadili fedha wenye desturi zao, na sarafu yao ilikuwa ni kioo. Ilikuwa pia sarafu ya huzuni, kwani watu walioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa walipita katika mitaa hiihii, wakafuata miembe hadi baharini.

Asubuhi, nilipokuwa nikitembea karibu na makumbusho yaliyojengwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, binti mdogo aliyekuwa akienda kuteka maji aliinama, akaokota kitu katika mfereji uliochimbwa na mvua, akanijia mbio kuniuliza kama ni dawa. Ulikuwa ushanga, nusu yake imekatika. Niliupangusa tope kwa kidole kimoja tu. Kwa nje ulikuwa mwekundu kama siku ulipotoka tanurini. Na palipokatika, ndani ya ngozi ile nyembamba, palikuwa na moyo mweupe.

Nilimwambia yule binti jina lake, akalirudia mara tatu mpaka likamkaa mdomoni: samesame. Nikamweleza kwamba tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 vitu kama hivi ni amana ya nchi nzima, havichukuliwi na msafiri wala haviuzwi. Tukaenda naye hadi kwa mhifadhi wa makumbusho, naye akaupokea, akauliza umeokotwa mahali gani hasa, akatoka nje na binti ili akaonyeshwe mfereji. Niliwatazama wameinama pamoja juu ya ardhi ile yenye unyevu, mtoto akielekeza kwa kidole, mtu mzima akiandika.

Nilipobaki peke yangu nilifungua ile karatasi ya kanisani, nikaitandika juu ya baraza. Ninayo hata sasa ninapoandika, na nakala yake imebaki kwa mzee. Siku ile fremu ya mninga itakapokuwa tayari, na fedha ya kioo itakapopatikana, fundi atakayekuja hatahitaji kukisia. Vipande vyote vina namba, rangi na hali, kwa mwandiko wangu. Ila namba 17 haina kioo, ina neno moja la penseli, kwa herufi zinazotetemeka, nami nimemwomba kila anayeishika karatasi hii asilipitishie kidole.